Kumlea Kijana Asiyekuwa Wako Bila Kumpoteza kwa Kilevi: Mwongozo Kamili kwa Walezi wa Mwanza na Mialo ya Ziwa

Mlezi akikuta msokoto wa bangi kwenye mfuko wa suruali ya kijana anayemlea, mara nyingi kinachofuata ni fimbo, halafu simu kwa ndugu: "Njooni mmchukue mtoto wenu, mimi nimeshindwa." Nimeandika mwongozo huu ili simu hiyo isipigwe. Namwandikia shangazi wa Igogo, bibi wa Mabatini, mama wa Igoma aliyemchukua mtoto wa jirani baada ya msiba, na familia zilizompokea kijana kupitia ustawi wa jamii kwa utaratibu wa malezi ya kambo uliomo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kijana ninayemsema hapa ana miaka kati ya 12 na 18.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa wengi wa vijana hawa kilevi si utundu. Ni dawa ya maumivu waliyojitafutia wenyewe, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewapa nyingine. Ukiwanyang'anya kabla hujawapa namna nyingine ya kuyabeba maumivu hayo, watakitafuta tena, au watatafuta kikali zaidi.

Kwa nini wao wako hatarini zaidi

Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ambao watu wazima waliulizwa waliyopitia utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa kingono, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mgonjwa wa akili, au na mtu aliyefungwa jela. Waliopitia aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakupitia hata moja. Sasa kaa peke yako uhesabu kijana wako amepitia ngapi, unazozijua tu.

Mtoto aliyeishi kwa hofu mwili wake hauzimi. Analala sikio moja likiwa wazi, mlango ukigongwa anashtuka, shuleni mwalimu anasema hasikilizi. Siku anavuta mara ya kwanza, kelele zile zinanyamaza. Kijana mmoja wa hapa mjini aliniambia kuwa bangi ndiyo iliyompa usiku wa kwanza wa usingizi tangu wamzike baba yake. Ukimwambia kijana huyo "bangi ni mbaya" na ukaishia hapo, hujamjibu. Na tukumbuke sehemu ya ubongo inayomfanya mtu ajizuie na kupima matokeo inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo tunamwomba breki ambazo bado hazijafungwa zote.

Huku kwetu ziwani kuna jambo jingine. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Wakati wa giza, kijana wa miaka 15 anayebeba ndoo na kuanika dagaa mwaloni anaweza kurudi na fedha inayozidi ya mlezi wake kwa siku hiyo. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, na pale kambini wanabaki watu wazima wenye fedha na muda, wenye gongo, karata na mikeka ya kubetia mpira. Mlezi wa kando ya ziwa aujue mwezi kama anavyojua tarehe ya ada.

Hatua ya 1: Mwondolee hofu ya kurudishwa

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na haina gharama. Mwambie, ukiwa umetulia na si siku ya ugomvi: "Hapa ni kwenu. Tutagombana, utakosea, na mimi nitakosea, lakini hutafukuzwa." Halafu uifute midomoni mwako sentensi ya "nitakurudisha ulikotoka". Kijana aliyekwisha kuhamishwa nyumba mbili tatu akiisikia, anaanza kuondoka moyoni kabla hajaondoka kwa miguu, na mahali pa kwanza pa kukimbilia ni kijiweni, kwa sababu kule hawamfukuzi mtu.

Maneno hayo yathibitishwe na vitu. Awe na mahali pake pa kulala na sanduku au begi lake lenye kufuli ambalo hakuna anayelifungua. Kazi za nyumbani zigawanywe sawa na kwa watoto wako wa kuzaa. Kwenye chakula, vijana hawa huangalia sana. Sato akigawanywa mezani, anajua wiki hii mkia umemwangukia mara ngapi na nani amepata mgongo. Hatasema. Atahesabu.

Usimseme vibaya mama yake, hata kama alikuwa mlevi, hata kama alimtelekeza. Picha ya wazazi ikae mahali inapoonekana, na kama kaburi lipo Sengerema au Ukerewe, panga nauli umpeleke. Siku zinazouma zaidi zinajulikana mapema: tarehe ya msiba, Krismasi au Idi, kikao cha wazazi shuleni, siku ya kujaza fomu yenye nafasi ya jina la baba. Ziweke kwenye kalenda, na siku hizo usimwache peke yake.

Hatua ya 2: Jua kinachouzwa mtaani kwenu

Bangi na pombe ndizo zinazoanza mara nyingi. Pombe ya viroba ilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo za pombe kali zimechukua nafasi, na gongo haijawahi kuondoka. Gongo ina hatari yake peke yake: ikipikwa vibaya au kuchanganywa na spiriti ya viwandani inaweza kupofusha na kuua. Kuna ugoro, sigara na mirungi. Kuna petroli na gundi kwa watoto wa mtaani. Kuna vidonge vya usingizi na vya maumivu makali vinavyouzwa bila cheti, na kuna unga, yaani heroini. Nazihesabu humuhumu mashine za bonanza na kubeti kwa simu, maana uraibu wa kamari unamkamata kijana kwa njia ileile, na huku kwetu unamtangulia hata wa bangi. Kisheria hatakiwi kucheza kabla ya miaka 18.

Dalili moja haitoshi. Macho mekundu yanaweza kuwa moshi wa jikoni, na usingizi mwingi unaweza kuwa malaria. Tazama mambo yakija kwa mkupuo ndani ya wiki chache: marafiki wapya wasiofika mlangoni, vitu vidogo kupotea nyumbani, utoro, hasira isiyo na sababu, kuacha mpira au kwaya aliyokuwa akiipenda. Kama kijana anaishi na VVU, hesabu vidonge vyake naye kila wiki. Dozi zilizorukwa zinaweza kuwa dalili ya kwanza utakayoiona, kabla ya harufu yoyote.

Hatua ya 3: Zungumza naye mkifanya kazi

Usimwite sebuleni na kumkalisha kitini kama mtuhumiwa. Kijana huongea vizuri mkono wake ukiwa na kazi na macho yake yakiwa kwingine: mkichambua dagaa, mkitoka sokoni, mkifua. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Baba, juzi ulirudi macho mekundu ukalala bila kula. Sijakuita nikugombeze. Kama kuna kitu unatumia, nataka kujua kinakusaidia nini."

"Mimi situmii kitu, shangazi."

"Haya. Siku ukitaka kuniambia, nipo. Ila niambie hili, usiku unapata usingizi?"

"Sipati."

"Tangu lini?"

"Tangu kule kwa mjomba."

Shangazi huyu hajapata kukiri kokote, na hakukuhitaji. Amepata kitu cha thamani zaidi: mahali pa kuanzia. Swali la "kinakusaidia nini" linamshangaza kijana kwa sababu wengine wote humuuliza "kwa nini", na "kwa nini" ya mtu mzima kwa kawaida ina fimbo nyuma yake.

Mkishaaminiana, kuna maswali sita ambayo wataalamu huyatumia kwa vijana, kwenye kipimo kiitwacho CRAFFT. Nayaweka kwa namna ya kwetu. Je, umewahi kupanda gari au bodaboda (mtumbwi nimeuongeza mimi) dereva akiwa amelewa, au wewe mwenyewe ukiwa unaendesha umelewa? Unatumia ili upumzike, ujisikie vizuri au ukubalike na wenzako? Huwa unatumia ukiwa peke yako? Umewahi kusahau ulichofanya ukiwa umelewa? Ndugu au rafiki amekuambia upunguze? Umewahi kuingia matatani kwa sababu hiyo? Majibu ya "ndiyo" yakifika mawili, si hukumu kwamba ni mraibu, bali ni ishara kwamba mtu mwenye utaalamu amwone.

Hatua ya 4: Mpe stadi za kubebea maumivu

Hapa ndipo walezi wengi hupita haraka. Naomba usipite.

Anza na kutofautisha matatizo ya aina mbili. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman waliandika mwaka 1984 kwamba mtu hukabili msongo ama kwa kulibadilisha tatizo lenyewe, ama kwa kuituliza nafsi yake pale tatizo lisipobadilika. Kifo cha mama hakibadiliki, pale anahitaji kulia, kusikilizwa, kukumbuka. Sare ya shule iliyochanika inabadilika, pale anahitaji uzi au fedha. Sisi watu wazima tunayageuza. Anayelia tunamwambia "jikaze, wewe ni mwanaume", na asiye na viatu tunamwambia "vumilia, Mungu atatenda". Kaeni na karatasi mwandike yanayomkera, kisha mgawanye: haya tunaweza kuyafanyia kitu, haya hatuwezi. Kwenye safu ya kwanza chagueni moja la kumaliza wiki hii. Kijana akiona jambo moja limebadilika kwa mikono yake, anaanza kuamini mengine.

Kwa yasiyobadilika, mfundishe mwili wake kutulia. Pumzi ndiyo rahisi kuliko yote: avute kwa hesabu ya nne, atoe polepole kwa hesabu ya sita au saba, kwa dakika tatu hivi. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Mfanye pamoja siku ambayo hana shida yoyote. Asiyejifunza akiwa ametulia hawezi kukumbuka akiwa ametaharuki. Kumbukumbu mbaya zikimvamia ghafla, ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, vitatu anavyovisikia, viwili anavyovinusa na kimoja anachokionja. Inamrudisha chumbani kutoka kule kumbukumbu zilikompeleka.

Kisha mfundishe kuijua hamu. Arosto ikimpanda huona kama haitaisha mpaka avute, lakini hamu kwa kawaida hupanda, hufika kileleni na kushuka ndani ya nusu saa hivi, hata asipoilisha. Mvuvi hapigani na wimbi, huelekeza mtumbwi ulipande na kushuka nalo. Kwa hiyo kijana awe na orodha fupi ya mambo ya kufanya kwa nusu saa hiyo: kuoga maji ya baridi, kuchota maji, kutembea hadi kwa mtu fulani mnayemjua, kupiga danadana, kusikiliza redio. Iandikwe na yeye, si na wewe. Kabla ya yote ajiulize: nina njaa? Nina hasira? Nina upweke? Nimechoka? Mara nyingi hamu ni moja ya haya manne limevaa nguo nyingine, na sahani ya ugali au saa mbili za usingizi zinaipunguza nusu.

Mwisho, kukataa. "Sema hapana" haisaidii kijiweni, ambako atachekwa. Mpe maneno yanayomlindia heshima: "Leo nina mechi", "Natumia dawa za hospitali", "Shangazi ananinusa nikiingia, sitaki kesi." Wekeni na alama ya siri. Akikubipu mara mbili mfululizo, wewe unampigia kwa sauti kali, wenzake wakisikia, "Uko wapi? Rudi nyumbani sasa hivi!" Anaondoka akilalamika, na wenzake wanamwonea huruma. Akifika, mpe chakula na usiulize chochote usiku huo. Ukiuliza, hatabipu tena.

Hatua ya 5: Simamia fedha na saa za jioni

Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18. Kuvua dagaa usiku haiwezekani kwake kwa pande zote mbili. Najua hali halisi ilivyo, na najua nyumba nyingine zinategemea ile ndoo. Kama lazima afanye kazi, iwe Jumamosi mchana, karibu na macho ya mtu unayemwamini, na fedha yake asinyang'anywe. Kaeni chini mkubaliane: sehemu akiba, sehemu matumizi yake, sehemu ndogo ya nyumbani akitaka. Kijana anayenyang'anywa yote huanza kuficha, na fedha ya kificho huliwa mahali pa kificho.

Siku za mbalamwezi mpangie ratiba iliyojaa. Mazoezi, madrasa au kwaya, na kwa aliyeacha shule, ufundi. VETA ipo Nyakato, na gereji, saluni au fundi cherehani mwenye tabia njema naye ni chuo.

Hatua ya 6: Siku utakayomkuta amelewa

Usiku huo usizungumze lolote la maana. Hakikisha yuko salama, alale kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, na mtu amwangalie. Kama haamki ukimtikisa, kama anapumua polepole au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, kama midomo imebadilika rangi au anapata degedege, mkimbize hospitali na uwaambie alichotumia. Aliyevuta petroli au gundi usimkimbize wala kumshtua, kwa sababu moyo wake unaweza kusimama ghafla. Mwite kwa upole mpaka akae.

Asubuhi, baada ya chai, mpe matokeo mliyokubaliana tangu zamani: kazi ya ziada, kukosa mechi, simu kukaa kwako wiki moja. Kumpiga na kumnyima chakula kusiwemo kabisa. Kwa mtoto aliyekwisha kupigwa sana, fimbo inarudisha yale yale yaliyomfanya atafute kilevi.

Kama alikuwa anakunywa kila siku au anatumia vidonge vya usingizi kwa muda mrefu, usimfungie ndani aache ghafla. Kutetemeka, degedege na kuweweseka vinaweza kumuua, na kuacha huko kunahitaji daktari. Bangi si hivyo: atakuwa na hasira, atakosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki moja au mbili, na anahitaji uvumilivu wako kuliko dawa. Unga unatesa sana mwili, na hatari kubwa huja baadaye, akirudia kwa kiwango chake cha zamani wakati mwili umeshasahau kukihimili.

Hatua ya 7: Tafuta wasaidizi mapema

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri yako, Jiji la Mwanza kwa wa Nyamagana, Manispaa kwa wa Ilemela. Kama ulimpokea kijana kwa mdomo tu, tumia nafasi hiyo kurasimisha malezi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure ina kliniki ya methadone, dawa ya hospitali inayowasaidia kuacha, kwa waliozama kwenye unga, na Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Namba 116 ni simu ya mtoto, haina malipo, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga bila kupitia kwako. Mwandikie mahali. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapatikana kwa 119. Akiwa ameumizwa au kuingiliwa, nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Kuhusu soba hausi, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, uliza kwanza kama imesajiliwa, kama kuna mhudumu wa afya, na kama vijana wanalazwa mbali na watu wazima. Mtoto wa miaka 15 asichanganywe na waraibu wa miaka 40. Wakikuambia hamruhusiwi kumtembelea, rudi naye nyumbani. Maombi na dua ni vyema na vinampa watu wa kumpenda, ila pasiwe na kufungwa minyororo wala kuachishwa dawa za hospitali.

Akirudia

Wengi hurudia, mara nyingine baada ya miezi mizuri. Rudini kwenye karatasi na muulizane: ilikuwa siku gani, saa ngapi, na nani, njaa au hasira au upweke au uchovu? Mara nyingi mtaona ilikuwa wiki ya kumbukumbu ya msiba, au siku ndugu walipokuja kuzungumzia mashamba ya marehemu mbele yake. Rekebisheni palipovuja, orodha ya nusu saa iongezwe jambo jipya.

Na akikaribia miaka 18, usisubiri siku yenyewe. Kuanzia miaka 16 tafuta cheti cha kuzaliwa kama hakipo, ili akitimiza 18 aombe kitambulisho cha taifa, mfungulie akaunti, mpangieni ufundi au shule inayofuata. Vijana wa kulea wengi huteleza pale wanapoambiwa sasa umekua, kajitegemee, bila mtu wa kumpigia Jumapili. Mwache na ufunguo wa nyumba. Mkubaliane siku ya kupigiana simu kila wiki, na wewe ndiye uwe unapiga.